Hamisha darasa, acha nyumba ilipo: laini ya simu badala ya intaneti ya nyumbani

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, naishi Bombo, Uganda. Nafundisha kwa video wanafunzi walioko Ujerumani na Marekani, saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, mmoja mmoja. Nyumbani tuko watu sita. Intaneti yetu inatoka kwenye sahani iliyofungwa juu ya paa, nalipia kila mwezi, na tuliahidiwa kasi ya Mbps 5 (megabiti 5 kwa sekunde). Mchana inavumilika. Jioni sauti inakatika, picha inaganda, mwanafunzi anabaki kuniuliza, "Mwalimu, upo?" Simu yangu ya 4G inafungua video za YouTube bila tabu saa hizo hizo. Je, niikate hii ya nyumbani ninunue rauta ya kuweka laini ya simu? Mume wangu anasema bando zitatumaliza.

JIBU: Mwalimu, salamu kwako na kwa jamaa wote hapo Bombo.

Nakupa jibu kwanza, maelezo yatafuata. Usiikate ya nyumbani mwezi huu. Hamishia laini ya simu darasa peke yake, watoto na televisheni wabaki kwenye sahani. Mumeo anasema kweli kuhusu bando kama nyumba nzima itahama. Likihama darasa tu, hesabu inabadilika kabisa, nami nitakuwekea hapa chini uione. Lakini kabla hujatoa shilingi, kuna mambo mawili ya kupima, na mojawapo huenda likakuokolea pesa zote.

La kwanza ni kujua kama mkosaji kweli ni sahani. Zoom wenyewe wanataja Kbps 600 (yaani Mbps 0.6) za kupakia, yaani kutuma, na Kbps 600 za kupakua, yaani kupokea, kwa mazungumzo ya watu wawili yenye picha nzuri ya kawaida. Ukitaka picha kali zaidi, ya 720p, ni Mbps 1.2 kila upande. Sasa tazama: ukiwa na Mbps 5 za kweli, darasa lako lingepita na nafasi ikabaki. Kwa hiyo ama hizo Mbps 5 hazifiki, ama zinafika na kuna kitu ndani ya nyumba kinazila.

Chukua kompyuta yako, iunganishe na rauta ya nyumbani kwa waya, zima Wi-Fi kwenye simu zote, kisha pima kasi saa mbili usiku. Ukipata 4 au 5, basi sahani haina kosa, tatizo liko kwenye Wi-Fi au kwa watu wa nyumbani. Ukipata 1, hapo mtoa huduma wako ana deni kwako, na vipimo hivyo vya usiku viwekwe kama ushahidi wa kumwonesha.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuitwa nyumba moja Kawempe, mama mwenye nyumba analia na intaneti kama unavyolia wewe. Nilikuwa nimeshatoa vifaa kwenye mkoba. Nikaomba nione simu moja moja. Ya kijana wake wa kiume ilikuwa chini ya mto, imechomekwa kwenye chaja, ina moto. Alikuwa ametoka harusini juzi yake, amepiga video, na simu ilikuwa ikizipandisha zote Google Photos, kimya kimya, siku ya pili mfululizo. Nyumba ilikuwa na Mbps 1 tu ya kupakia, na simu hiyo moja ilikuwa imeikalia yote. Tuliposimamisha, sauti ya mama kwenye simu ya video ikanyooka pale pale. Nilifungasha vifaa vyangu nikarudi nyumbani.

Angalia hasa upande wa kupakia, Mwalimu. Watu wengi hutazama namba kubwa ya kupakua na kuisahau ile ndogo iliyo pembeni yake. Wewe unafundisha: sauti yako ndiyo bidhaa, na sauti yako hupita njia ya kupakia.

Jambo la pili ni hiyo simu yako inayofungua YouTube bila tabu. Naogopa kukuambia, lakini hiyo haithibitishi chochote kuhusu darasa. Video ya YouTube huvuta akiba mbele kabla hujaitazama. Ni kama mtu aliyejaza madumu ya maji alfajiri: bomba likikatika nusu saa, yeye anaendelea kupika wala hajui. Mazungumzo ya ana kwa ana hayana dumu la akiba. Neno likichelewa sekunde moja njiani, limekwisha potea. Kwa hiyo laini inaweza kuwa nzuri kwa sinema na mbaya kwa somo.

Kuipima kwa haki, fanya hivi. Kwa wiki moja, kati ya saa moja na saa nne usiku, kaa kwenye meza ile ile unayofundishia, zima Wi-Fi ya simu, tumia data tupu. Pima mara moja kila jioni, inatosha, maana kila kipimo hula MB kadhaa, na laini ikiwa na kasi hula zaidi. Andika namba tatu: kupakua, kupakia, na muda wa kwenda na kurudi ambao huandikwa kwa milisekunde. Programu ya kupima kasi itakuchagulia seva ya Kampala yenyewe. Pima hiyo, halafu badilisha uchague Frankfurt, kwa sababu mwanafunzi wako hayuko Kampala. Mpaka Kampala, 4G yenye afya inapaswa kukupa chini ya milisekunde 50. Mpaka Ujerumani itazidi 100, na hilo halina dawa: safari inapita Kenya hadi Mombasa, inaingia kebo ya baharini, ndipo inapanda Ulaya. Muda mrefu si tatizo kama hautikisiki. Ukiona jana 160, leo 170, kesho 165, fundisha kwa amani. Ukiona 160, kisha 700, kisha 240, hapo ndipo pale "Mwalimu, upo?" inapotoka. Kama umezoea kuwasha VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, tangu Facebook ilipofungwa Januari 2021, izime wakati wa kupima na wakati wa kufundisha. Inarefusha njia na inakula data zaidi.

Baada ya vipimo, fundisha somo moja kamili kwa hotspoti ya simu, uchague mwanafunzi mvumilivu. Fanya vivyo hivyo na laini ya mtandao mwingine. Kama wewe ni wa MTN, azima simu ya ndugu mwenye Airtel, au kinyume chake. Nimeona nyumba mbili zinazotazamana barabarani, moja inafaa mtandao huu, nyingine ule. Ramani za matangazo haziijui meza yako.

Sasa tuingie kwenye mawimbi, maana hapa ndipo pesa nyingi hutupwa.

Vile vistari vya juu ya simu visahau. Kwenye simu nyingi za Android, fungua mipangilio, ingia sehemu ya kuhusu simu, kisha hali ya SIM. Utaona namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm. Kwenye iPhone piga *3001#12345#* kama unavyopiga simu, utaingia ukurasa wa vipimo. Kwa 4G, −80 ni neema. Kati ya −90 na −100 kazi inafanyika. Ukifika −110 na kuendelea kushuka, unahangaika. Kumbuka ni namba za kutoa: −85 ni bora kuliko −105.

Namba hiyo inakwambia sauti ya mnara inafika kwa nguvu gani. Rauta itakuonesha na nyingine, SINR, inayosema sauti hiyo inasikika vipi katikati ya kelele. Mtu anaweza kukupigia kelele karibu kabisa na sikio, lakini kama mko soko la Owino siku ya Jumamosi bado humsikii vizuri. SINR ya 20 ni safi, 10 inafaa, chini ya 5 utateseka hata kama vistari vimejaa.

Nilikuwa Matugga, barabara hiyo hiyo yenu ya Bombo, kwa bwana mmoja aliyekuwa ameshatenga pesa za antena ya nje. Rauta yake ilikuwa ndani ya kabati la televisheni, sebuleni, chini ya paa la mabati, na mlango wa kabati umefungwa ili watoto wasiichezee. Ilisoma −113, SINR 3, kasi ya usiku Mbps 3. Tulichukua waya mrefu wa umeme, tukazunguka nayo nyumba nzima kama watu wanaotafuta funguo. Chumba cha nyuma, juu ya kabati la nguo, karibu na dirisha linalotazama barabarani, ikasoma −97 na SINR 14. Tukapima: Mbps 22. Sikumwuzia antena. Mabati huzuia mawimbi vibaya sana, ukuta wa matofali unafuatia, dirisha la kioo cha kawaida lina huruma. Miti nayo ina yake: mfenesi uliosimama kati ya dirisha na mnara hupunguza mawimbi, na majani yakilowa mvua hupunguza zaidi.

Antena ya nje ina kazi yake, sikatai. Inasaidia pale ambapo hata dirishani unasoma −110. Iwe na nyaya mbili, kwa sababu 4G huzungumza kwa njia mbili kwa pamoja, na nyaya ziwe fupi kadiri inavyowezekana. Waya mrefu mwembamba hula njiani kile kile ambacho antena imekuokotea juu ya paa.

Lakini kuna ugonjwa mmoja ambao antena haiuponyi, nao ndio wa kawaida kabisa miji inayokua kama yenu. Ukisoma −85, alfajiri unapata Mbps 40, na saa tatu usiku unapata 2, basi mawimbi yako hayana shida. Mnara umejaa watu. Uwezo wa mnara hugawanywa kwa wote walio chini yake kwa wakati huo, na saa hizo kila mtu amerudi nyumbani. Hapo tiba ni mtandao mwingine ambao mnara wake una nafasi, au kusogeza saa ya somo. Wanafunzi wa Ujerumani wako nyuma yetu saa moja tu wakati wa kiangazi chao, saa mbili wakati wa baridi. Mmoja akikubali kuanza jioni mapema, saa kumi na mbili yetu badala ya saa mbili usiku, umepata mnara mtulivu bila kununua kitu.

Haya, bando. Hesabu hii iandike ukutani: Mbps 1 ikitumika saa nzima bila kupumzika ni MB 450. Somo la kawaida ni Kbps 600 kwenda na Kbps 600 kurudi, jumla Mbps 1.2, yaani MB 540 kwa saa. Wewe unafundisha kama saa 80 kwa mwezi. Hiyo ni GB 43. Ukifundisha kwa picha ya 720p ni GB 86. Ndiyo maana nakuambia uingie kwenye mipangilio ya Zoom uzime picha ya HD. Wanaojifunza Kiswahili wanahitaji kuona midomo yako, na picha ya kawaida inaonesha midomo vizuri.

Sasa linganisha na nyumba. Netflix ya HD hula hadi GB 3 kwa saa. Saa mbili kila usiku ni GB 180 kwa mwezi, na hapo sijahesabu simu tano, masasisho ya kompyuta, wala katuni za watoto. Hapo ndipo mumeo anaposimama, na yuko sawa. Nyumba ya watu sita haiwezi kuishi kwa bando za kupimwa GB bila kugombana.

Tena data yetu ina kodi mbili juu yake. Tangu Julai 2021 kuna ushuru wa asilimia 12, na juu yake VAT ya asilimia 18. Ukipiga hesabu, katika kila shilingi 10,000 unazolipia data, karibu 2,400 si data bali ni kodi. Kwa mtu ambaye intaneti ndiyo ubao na chaki yake, naona mzigo huo ni mkubwa mno, nami husema hivyo kila nikipewa nafasi. Kwa hiyo kila GB inayovuja bila sababu inauma. Kwenye Windows, iambie mtandao huo ni wa kupimwa, itaacha kushusha masasisho makubwa yenyewe. Zima upakuaji wa video wa WhatsApp. Nenosiri la rauta ya darasa usimpe mtu, hata mgeni wa Idi. Wana sahani yao.

Kuhusu aina ya kifurushi, kwa GB 43 tafuta moja kati ya mbili. Bando zisizoisha muda, kama Freedom ya MTN au Chillax ya Airtel, ni nzuri kwa mwalimu kwa sababu wiki wanafunzi wakiwa likizo data yako inakungoja. Au vifurushi vya nyumbani vya mwezi vinavyouzwa pamoja na rauta. Ukiambiwa "haina kikomo", uliza swali moja, ulisubirie jibu lenye namba: nikivuka matumizi ya haki, yaani GB mnazoruhusu kabla ya kupunguza kasi, kasi inashuka mpaka ngapi? Ikishuka mpaka Mbps 2, darasa linaendelea. Ikishuka mpaka Kbps 512, hata kupakia peke yake hakutoshi, na utakuwa umekwama tarehe 20 ukisubiri mwezi uishe.

Rauta yenyewe sina maneno mengi. Nunua iliyofunguliwa mitandao yote, ili vipimo vyako vikibadilika ubadilishe laini tu. Nenda dukani na laini yako, iwekwe, uione inashika 4G mbele ya macho yako kabla hujalipa. Zilizotengenezewa soko la Marekani ziepuke, mara nyingi hazina masafa tunayotumia huku. Iwe na matundu ya antena ya nje hata kama hununui antena leo. Ukipata inayounganisha masafa mawili kwa pamoja, ile inayoandikwa Cat 6, iongezee pesa, usiku utaiona faida yake kuliko Cat 4. Ya 5G usiinunue mpaka simu ya 5G ya mtu ioneshe 5G hapo mezani pako. MTN na Airtel wote walianza 5G mwaka 2023, lakini kuanza nchini si kufika nyumbani kwako.

Simu yenyewe usiigeuze rauta ya kudumu. Kushiriki mtandao saa nne huku imo kwenye chaja huipasha moto, na betri hufura. Kwa dharura ndiyo, kwa kazi ya kila siku hapana.

Umeme ukikatika jioni, rauta nyingi hutumia volti 12, na zinauzwa betri ndogo za volti 12 zinazokaa kati ya chaja na rauta na kuibeba saa kadhaa. Angalia kibandiko cha chaja yako, volti na ampea zilingane. Kwa mwalimu naona hicho ndicho kifaa cha kwanza baada ya rauta, kabla ya antena, kabla ya chochote.

Faida ya kubaki na sahani utaiona siku mnara ukilala, na faida ya laini utaiona siku mvua ikiipiga sahani. Lakini kuna siku vyote viwili vitakufa kwa pamoja. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, ziliharibika, na Uganda isiyo na bahari iliumia pamoja na majirani. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku tano wakati wa uchaguzi. Siku kama hizo hakuna rauta ya kukuokoa, kwa hiyo kubaliana na wanafunzi wako mapema jinsi mtakavyofidia somo.

Endesha hivyo miezi miwili: darasa kwenye laini, nyumba kwenye sahani, na GB ulizotumia ziandikwe kila Ijumaa. Kama sahani bado inazembea baada ya wewe kuondoka juu yake, mpelekee mtoa huduma vile vipimo vya usiku na umdai alichokuahidi au uvunje naye mkataba.

Ukiniandikia tena, niletee dBm ya meza yako ya kufundishia, kasi ya kupakia ya saa tatu usiku kwa kila laini uliyojaribu, na matokeo ya kile kipimo cha waya. Na kama kuna mfenesi upande wa mnara, niambie kabla hamjaukata, mara nyingi dirisha la upande mwingine wa nyumba linatosha.